Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Tabora

Ndugu wanachama,

Mwaka huu karakana yetu imeshughulika na kazi moja, nayo ni kigeuzi cha umeme cha kujaza betri ya bajaji kwa haraka. Baadhi yenu mlitaka tuanze na chaja ya kilowati 50 kama zile za magari. Kamati haikuafiki, kwa kuwa chaja hiyo, hata ikiwa na ufanisi wa asilimia 95, huvuta takriban ampea 76 katika kila waya wa fezi tatu za volti 400, kiasi cha kuielemea transfoma ya kVA 50 (uwezo wa takriban kilowati 50) kabla hata nyumba moja haijawasha taa. Tukachagua kilowati 2, kwa betri za volti 60.

Hatua ya kwanza ya kigeuzi hunyoosha umeme wa AC (unaogeuza mwelekeo) na kuupandisha hadi volti 400 za DC (unaokwenda upande mmoja), na haikutusumbua. Hatua ya pili hukatakata umeme huo mara 100,000 kwa sekunde na kuupitisha katika transfoma ya feraiti (aina ya kauri yenye sumaku) inayoenea kiganjani, na hapo ndipo tulipounguza transista, yaani swichi zinazoukata umeme, jozi baada ya jozi huku tukilaumu vipuri. Osiloskopu, chombo kinachochora mawimbi ya umeme kwenye skrini, ilituumbua: transista ya juu ilikuwa haijafunga sawasawa wakati ya chini inafunguka, hivyo volti zote 400 zikapigana shoti. Tuliweka mapumziko ya nanosekunde 300 kati yao. Hata hivyo volti ziliendelea kuruka kila transista ilipofunga, mpaka tulipozisogeza kapasita (vipuri vya kuhifadhi chaji ya umeme) karibu kabisa na transista na kuondoa waya ndefu, ambazo nakiri ni mimi niliyeng'ang'ania zibaki kwa kuwa zilirahisisha kupima.

Feni tumeiacha, maana vumbi letu la kiangazi lingejaa ndani. Sanduku limezibwa na joto hutoka kupitia mapezi ya alumini yaliyo nje. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina.

Kamati imeamua kwamba chaja isifungwe kwenye bajaji ya mwanachama yeyote kabla haijafanya kazi kwa muda wa saa nane mfululizo mchana wa Oktoba. Mzigo wa kupimia, yaani wa kula umeme wa chaja badala ya betri, utakuwa koili za majiko ya umeme. Koili ya kilowati 2 iliyotengenezwa kwa volti 230 hula wati 136 tu kwenye volti 60, kwa hiyo zinahitajika 15 zilizoungwa sambamba. Tunazo nne, mwenye jiko bovu lenye koili nzima alilete karakana.

Mwenyekiti