Barua ya wazi kwa Afisa Michezo: Kwenye mchujo tunapima miili

Ndugu Afisa Michezo wa Mkoa wa Mwanza,

Salaam. Mimi nafundisha watoto mpira huku Mabatini. Cheti cha ukocha ninacho kimoja tu, cha chini kabisa. Vifaa ni filimbi, koni 6 na mipira 4, mmoja unavuja upepo.

Mwaka jana nilipeleka vijana 5 kwenye mchujo wa umri chini ya miaka 15. Waandaaji siwataji. Watoto walipangwa mstari kwa urefu, wakagawanywa timu, wakapewa dakika 20. Kati ya wangu kuna kiungo mmoja, kimo chake kinanifika kifuani. Kabla mpira haujamfikia huwa ameshageuza shingo mara mbili, bega la kulia, bega la kushoto, kwa hiyo ukitua mguuni anajua unakokwenda. Siku ile aliugusa mara 3. Mabeki walikuwa wanabutua tu, mpira unampita juu ya kichwa kama yangeyange wanaorudi kisiwani Saanane jioni. Akachukuliwa mwenzake mwenye ndevu zinazochipua (sisemi kafoji cheti, ndevu si kosa). Mimi nikaambiwa, "Kocha, huyu wako mpe ugali kwanza."

Ugali anakula. Ila mwili wake haujaanza kurefuka. Wavulana wengi hurefuka kwa kasi wakifika miaka 13 au 14, wengine hutangulia, wengine huchelewa sana. Ukisimamisha watoto wawili wa umri mmoja, miili yao inaweza kupishana kwa miaka kadhaa. Halafu kuna kalenda: umri wa mashindano mengi ya soka unahesabiwa kuanzia Januari 1, hivyo wa Januari anamzidi wa Desemba karibu mwaka mzima, na wote wanaitwa rika moja. Watafiti wa Kanada waliliona hili miaka ya 1980 kwenye mpira wa magongo wa barafuni. Timu za vijana zilikuwa zimejaa waliozaliwa miezi ya mwanzo wa mwaka. Sidhani kama Mungu anagawa vipaji kwa kalenda.

Ubelgiji wana timu za taifa za vijana kwa ajili ya waliochelewa kukua tu. Sisi hatuhitaji kufika huko.

Siombi jezi wala uwanja. Fomu ya mchujo iongezwe nafasi mbili, mwezi wa kuzaliwa na kimo, na anayechagua azisome kabla ya kukata jina. Walioachwa waitwe tena baada ya miezi 6. Na watoto wa Ukerewe wasiingizwe uwanjani wakiwa ndiyo kwanza wanashuka kivukoni, miguu bado inayumba.

Kiungo wangu bado anakuja mazoezini. Lakini tangu siku ile shingo haigeuzi tena. Mpira ukimfikia, anabutua.

Wako katika michezo,
Kocha wa watoto, Mabatini, Mwanza