Shukrani kwa mhifadhi nyaraka aliyenifundisha kusikiliza blues

Kwa miezi kadhaa nilisikiliza mtandaoni blues za Mississippi, yaani muziki wa Wamarekani weusi wa jimbo hilo la kusini mwa Marekani, bila kujua ninachokisikia, kwani rekodi nyingi nilizozipata hazikuonyesha tarehe wala mahali. Ndipo nikamwandikia barua pepe mhifadhi nyaraka mmoja, ambaye ameomba nisimtaje jina.

Hakuniachia orodha ndefu ya tovuti, jambo ambalo wajuzi wengi hulifanya. Alinitumia kiungo cha mkusanyo mmoja tu wa Maktaba ya Bunge la Marekani, yaani ule wa safari ya mwaka 1939 ya John na Ruby Lomax, mume na mke waliorekodi nyimbo za kienyeji, katika majimbo ya kusini, wenye sauti za watu zaidi ya 300, akanitaka nisome maelezo ya safarini ya akina Lomax huku nikisikiliza. Alinielekeza nitafute kwa jina la mahali, kwa kuwa majina ya watu huandikwa kwa tahajia tofauti, na akaniandikia hata dakika ambayo, nyuma ya mkwaruzo wa santuri, mwimbaji anasikika akivuta pumzi.

Ndugu yangu, nakushukuru sana. Nanyi mnaozijua nyaraka hizi, mkiulizwa, tafadhali tajeni na dakika.