Rambo zimerudi, Rehema

Chumbageni, Tanga

Shoga yangu Rehema,

Salamu nyingi. Mimi mzima, watoto wazima, mama kifua kinambana lakini anatembea. Tangu Idi sijakuandikia, nisamehe. Leo nina jambo limenikaa kooni, na wewe mtu wa redio ndiye wa kuambiwa.

Jana nilikwenda sokoni kununua vibua. Yule kijana anayeuza pale kwa Mama Fadhila akanitilia kwenye mfuko laini wa plastiki, ule usio na mishikio. Nikamsogezea kikapu, akasema, "Mama, kitanuka." Kutazama kando, kila mtu kashika miwili mitatu, nyanya humu, ndimu humu. Rambo, ile mifuko ya plastiki iliyopigwa marufuku, zimerudi, Rehema, zimekatwa mishikio tu.

Unaikumbuka 2019? Tangu Waziri Mkuu aliposema bungeni mwezi wa Aprili kwamba mwisho wa mifuko ya plastiki ni Mei 31, redio hazikupumzika. Asubuhi tangazo, mchana mjadala, usiku watu wanapiga simu. Juni mosi ilipofika, soko zima vikapu vya ukili na mabeseni. Wengine waliogopa faini, sawa. Mama yangu hakuogopa. Aliyemgeuza ni yule mvuvi uliyemhoji, alivyoeleza jarife linavyopanda limejaa mifuko. Mama aliepua sufuria akaja kukaa karibu na redio. Siku ileile akakishusha kikapu cha bibi kutoka darini. Mpaka leo anamwita "mvuvi wa Rehema".

Hata Salum wangu, alipoona kwenye simu lile jahazi la Flipflopi, lililoundwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa, likavishwa vipande vya ndala kama 30,000, likatweka tanga hadi Unguja mwaka huohuo, alishinda pwani na wenzake wiki nzima wakiokota ndala.

Kisha mkanyamaza. Marufuku ilipoanza mkaona habari imekwisha. Nimemfikiria sana yule kijana wa vibua. Mwaka 2019 alikuwa mtoto wa shule ya msingi, hakumsikia mvuvi wako. Na pakacha la makuti, walilokuwa wakifungia samaki mama zetu, likanuka likatupwa likaoza, nani amemsimulia? Simlaumu. Kila siku anasikia matangazo ya soda na vocha, la mfuko hajalisikia hata mara moja.

Kwa hiyo nakuomba, rudisheni kipindi kile. Msilete viongozi peke yao, watu wanawasikiliza kwa adabu kisha wanaendelea na yao. Mlete huyo mvuvi, mleteni Mama Fadhila, na msusi mmoja wa pakacha aeleze bei yake na anapopatikana. Mtu akiambiwa acha bila kuambiwa shika nini, atarudia alichokizoea. Mama naye yuko tayari kusema, nimeshamuuliza, hata khanga ya kuvaa kaichagua, ingawa ni redio.

Je, sauti ya mvuvi mnayo bado? Yeye mwenyewe yu hai, anavua? Bosi wako atakubali, au nije mimi nimwombe? Kipindi chako bado ni Jumamosi? Na mguu wa Kombo umepona? Utakuja lini Tanga, kabla ya masika au baada? Ukija njoo na kinasa sauti, twende sokoni alfajiri boti zinapoingia.

Wako,
Mwanaidi