Barua ya wazi kwa Afisa Elimu wetu: ule ufunguo uko wapi?

Mheshimiwa Afisa Elimu, shikamoo.

Mimi ni fundi simu hapa Mwanza, mzazi wa binti wa kidato cha pili, ndio yule niliyeuliza kwenye kikao cha wazazi ufunguo wa chumba cha kompyuta cha shule uko wapi, ukanijibu "linafanyiwa kazi". Nikakaa kimya nisiisumbue hiyo kazi. Ila Jumanne usiku uvumilivu umeniishia, nisamehe.

Jumanne watoto wamepewa kazi, waandike kuhusu sangara, watafute mtandaoni. Nikampa binti simu yangu na bando la buku, likakata hata ukurasa wa pili hajafika maana kila akifungua matangazo ya video yanaanza yenyewe. Mi niko kibandani sina hili wala lile kumbe yeye na wenzie wawili wameenda kukaa ukutani nje ya gesti wanavizia waifai, saa mbili usiku, na yunifomu zao. Mlinzi kawatoa mbio na rungu. Karudi na kiatu kimoja. Kiatu kinauma ndio, kununua kingine sio mchezo, lakini mtoto wa kike kukaa nje ya gesti usiku akitafuta habari za samaki anayemla kila wiki, hapo mheshimiwa sijalala.

Na shuleni kompyuta zipo. Ulizileta mwenyewe, tukapiga picha, keki ikakatwa (keki!), ukasema vijana wetu sasa wameungana na dunia. Zimefunikwa turubai, mlango una kufuli. Tukiuliza shuleni tunaambiwa ufunguo uko kwako, tukija kwako tunaambiwa uko shuleni. Mi nahisi mnaogopa wizi, au luku, au kuna saini ya mtu inasubiriwa, sijui.

Mtasema intaneti hakuna. Sawa, sasa sikiliza ya fundi. Kuna programu ya bure inaitwa Kiwix, ipo tangu 2007, unasoma nayo Wikipedia bila mtandao kabisa. Ile ya Kiingereza nzima na picha zake inaingia kwenye memori kadi ya GB 256, ya Kiswahili ni ndogo, flashi ya kawaida inatosha. Unaiweka kwenye kompyuta moja, zingine zinasoma kwa waifai ya humohumo darasani, hakuna bando hakuna tangazo. Cuba watu wamekuwa wakisambaziana vitu vya mtandao kwa diski za kompyuta kila wiki, mkono kwa mkono. Kambodia pikipiki zilikuwa zinapita shule za kijijini zinabeba imeili. Sisi tuna meli ya Nansio na mitumbwi kibao! Kadi itoke mjini asubuhi, ifike kisiwani Ukerewe, irudi na kurasa walizoandika wanafunzi wa huko.

Hapo ndio kwenye ndoto yangu, usicheke. Kila shule iwe na tovuti yake, watoto waandike wao. Babu yake huyu binti alikuwa mvuvi, anajua Ziwa Victoria lilivyokuwa kabla sangara hajamaliza aina nyingi za furu, wale samaki wadogo. Sangara kaletwa miaka ya 1950, enzi za mkoloni, kaja kushamiri miaka ya 80, na mzee mpaka leo anakutajia furu mmoja mmoja na alipokuwa anapatikana. Nani kayaandika hayo kwa Kiswahili? Binti angemuuliza babu tu, angeandika, na mtoto wa Sengerema angesoma bila kukimbizwa na mtu. Wenzetu wa CERN, maabara ya fizikia kule Ulaya, tarehe 30 Aprili 1993 waliiachia wavuti dunia nzima bure, hawakudai hata senti, sisi kufuli la dukani linatushinda.

Kadi nimeshaijaza kwa hela yangu, iko mfukoni hapa. Kufunga nafunga bure, sitaki posho wala picha.

Na kama ni mengi basi ya meli tuyaache. Ya tovuti pia tuyaache mheshimiwa. Ufunguo tu. Kama umepotea jirani yangu hapa kibandani ni fundi kufuli, kasema dakika tano, anachotaka ni ruhusa yako asije akaitwa mwizi. Tupo mpaka saa kumi na mbili jioni.

Na yule mlinzi kama barua hii itamfikia, kiatu ni cha kushoto, tunakiomba.