Gundi si dawa ya hesi zilizoliwa

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na mafundi wenzangu wa boti za matanga hapa Kilifi. Juzi nilipanda mlingoti wa alumini wa mgeni aliyetia nanga horini. Chuma cha kufungia kamba ya tanga kilikuwa kinacheza. Skrubu zake nne za milimita 6 zilizunguka bure, hesi, ile mikato ya mzunguko inayoshika skrubu, zimeliwa, na tunduni mmejaa unga mweupe uliogandamana na gundi. Fundi aliyetangulia alijaza gundi, akakaza, akalipwa, akaenda zake.

Unga ule ndio ugonjwa wenyewe. Skrubu za chuma cha pua zikigusana na alumini penye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayolika. Na ukuta wa mlingoti ule ni milimita 3 tu, basi skrubu inashika hesi tatu. Kusi likivuma, gundi haistahimili.

Nilikunja kibao cha alumini cha milimita 6 kifuate mviringo wa mlingoti, nikakibana kwa ribiti, nikatoboa matundu mapya kwa keekee ya milimita 5, mbali na yale mabovu. Tapu, chombo cha kuchonga hesi tunduni, niliitia mafuta. Kila mzunguko mmoja mbele, nusu nyuma, vumbi la alumini litoke. Skrubu nikazipaka lanolini, mafuta ya sufu ya kondoo, chumvi isipenye.

Kazi ilinichukua asubuhi nzima. Mlingoti ukianguka, unamwangukia baharia aliyetuamini. Wenzangu, tuacheni gundi.

Fundi wa boti,
Kilifi