Shukrani kwa daktari wa ini aliyetushika mkono

Mume wangu ana homa ya ini B, na ini limeshajaa makovu. Tulipofika kwako, daktari, tumbo lilikuwa limejaa maji, na kwenye mfuko wetu wa dawa mlikuwa na diklofenaki, dawa ya maumivu ya mgongo. Uliitoa kabla hata hujampima: hupunguza damu iendayo kwenye figo, maji yakazidi kujaa. Kwa maumivu ukaandika parasetamo, isizidi gramu 2 kwa siku.

Siku ya kutoa maji zilitoka lita 7. Hukumruhusu aondoke bila albumini (protini ya damu) ya mshipani, gramu 8 kwa kila lita, kwa kuwa presha huporomoka na figo zikafuata. Kisha ukachukua kijiko cha chai, ukakijaza chumvi, ukaisawazisha kwa kidole. "Hii ndiyo ya siku nzima, mama, na ya kwenye mkate na dagaa imo humu." Wengine walitwambia tu "punguzeni chumvi".

Ulimrudishia mayai na maharage tuliyomnyima kwa ushauri wa mtaani, ukaongeza uji kabla ya kulala, maana ini hilo haliweki akiba ya kumfikisha asubuhi. Tenofova, dawa ya kuzuia virusi hivyo, kila siku hata akijisikia mzima. Akiacha, virusi huamka. Altrasaundi kila miezi 6, kuiwahi saratani. Watoto ukawapima, ukawaanzishia chanjo: siku hiyo, baada ya mwezi 1, na miezi 6 tangu siku hiyo.

Asante sana, daktari. Nanyi wenye mgonjwa wa ini nyumbani, upekueni mfuko wa dawa leo, kisha mwonyesheni daktari wenu kila kilichomo.