Dakika za mwisho ni za vijana, tusiwakimbie uwanjani

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku ambalo limenikaa moyoni msimu mzima. Hapa Lamu tumezoea kuondoka uwanjani kabla ya kipenga cha mwisho. Dakika ya 75 ikifika, hasa timu ya mtaa ikiwa nyuma, watu huanza kusimama mmoja mmoja, wakakung'uta mchanga kwenye vikoi na kushika njia. Kufika dakika ya 85 upande mzima umebaki mtupu. Wengi huliona jambo dogo. Mimi linanichoma, na nitaeleza kwa nini.

Mimi ni mzazi wa kijana anayechezea timu ya mtaa. Yeye na wenzake wa rika lake hawaanzi mechi. Hukaa benchi, wakapasha misuli nyuma ya goli, wakangoja jicho la kocha. Zamu yao huja mwishoni, wakubwa wakishachoka au matokeo yakishajulikana. Na siku hizi huja kwa wingi, maana tangu mwaka 2020, wakati wa korona, kanuni za soka ziliruhusu timu kubadilisha wachezaji 5 badala ya 3, na mwaka 2022 ruhusa hiyo ikafanywa ya kudumu. Kwa hivyo zile dakika 10 au 15 tunazozitupa ndizo zenye sura mpya. Humo ndimo anamoonekana beki wa kesho, kipa wa kesho, winga ambaye bado hajaota ndevu.

Nimewaona vijana hao wakiingia. Mmoja alivua fulana ya mazoezi kwa pupa hata akakwama kichwani, akaingia, akawapiga chenga mabeki wawili ubavuni na kumwaga krosi ambayo wakubwa wake hawakuweza kuipiga jioni nzima. Alipogeuka kutazama upande wa mtaa wake, walikuwa wamesalia watoto na wauza mabuyu na kachiri. Wazee waliomlea, majirani ambao wangelizungumza jina lake barazani usiku ule, walikuwa wamekwisha kwenda zao. Kijana wa umri huo hachezi kwa mshahara. Anacheza aonekane na watu wake.

Wapo watakaoniambia kwamba mechi iliyokwisha kupotea haina la kungojewa. Nawakumbusha fainali ya Klabu Bingwa Ulaya mjini Barcelona, tarehe 26 Mei 1999. Bayern Munich walikuwa mbele ya Manchester United kwa bao la frikiki la Mario Basler tangu dakika ya 6. Dakika zikiyoyoma, Lennart Johansson, aliyekuwa rais wa UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, aliondoka kwenye kiti chake kuteremka uwanjani akakabidhi kombe, akijua linakwenda Ujerumani. Alipotokeza chini, aliowadhania washindi wanalia na aliowadhania wameshindwa wanarukaruka. Mabao mawili ya Manchester yalikuwa yamefungwa katika dakika za nyongeza naye yuko njiani. Na wafungaji, Teddy Sheringham na Ole Gunnar Solskjaer, wote wawili walikuwa wametoka benchi kipindi cha pili. Hilo la benchi ndilo ninalotaka lishikwe. Walioamua fainali kubwa kuliko zote za Ulaya mwaka ule ni watu walioianza mechi wakiwa wameketi.

Kwa Afrika yetu, mfano haujapoa. Januari 22, 2024, Ivory Coast, wenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika, walifungwa 4-0 na Equatorial Guinea mjini Abidjan. Mashabiki wengi walitoka kabla mechi haijaisha, wengine wakilia, wengine kwa hasira. Kocha Jean-Louis Gasset akaondoka siku chache baadaye. Timu ikaponea chupuchupu kutolewa katika hatua ya makundi, kama mojawapo ya timu bora zilizoshika nafasi ya tatu. Kisha katika robo fainali dhidi ya Mali walibaki wachezaji 10 kabla ya mapumziko, wakafungwa bao dakika ya 71, wakasawazisha kupitia Simon Adingra dakika ya 90, na Oumar Diakité akafunga la ushindi dakika za nyongeza baada ya 120. Februari 11, katika uwanja ule ule wa aibu ya mabao manne, wakaifunga Nigeria 2-1 na kutwaa kombe. Bao la pili lilikuwa la Sébastien Haller, dakika ya 81, mtu aliyekuwa ametibiwa saratani mwaka mmoja na kitu kabla. Mwenye kawaida ya kuondoka dakika ya 80 angelikosa hilo.

Wala tusiende mbali. Juni 27, 2019, mjini Cairo, Harambee Stars walitanguliwa mara mbili na ndugu zetu wa Tanzania. Simon Msuva alifunga, Michael Olunga akajibu, mara Mbwana Samatta akaongeza. Kipindi cha pili Johanna Omolo akasawazisha, na Olunga akamaliza kazi dakika ya 80. Kenya 3, Tanzania 2. Usiku ule hakuna aliyetoka kwenye vibanda vya kutazamia mpira hapa mjini, na ilikuwa usiku mkubwa.

Hapo ndipo ninapoumia zaidi. Mtu yule yule anayekaa kibandani hadi saa sita za usiku kungoja dakika za nyongeza za Arsenal au Liverpool, hata timu yake ikiwa imeshafungwa matatu, ndiye anayemwacha mtoto wa jirani yake dakika ya 75. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Huku kwetu mcheza kwao anapewa mgongo.

Sasa niseme haki. Si kila anayeondoka ana dharau. Lamu ni kisiwa na ni mji wa ibada, na wengi wanaotoka mapema wana udhuru wa kweli. Aliyekuja kutoka Mokowe au Hindi anawaza boti ya kuvukia. Wa Matondoni na Kipungani ana mwendo wake, na giza likiingia mwendo huo si wa kupendeza kwa mwenye watoto. Waliokuja kwa boti kutoka Pate, Siyu au Faza hawana hiari hata kidogo, maana maji yakipwa mlango wa bahari wa Mkanda haupitiki, na bahari haimngoji refa. Na adhana ya Magharibi ikilia, anayekwenda msikitini sina neno naye.

Lakini tupige hesabu. Mechi ni dakika 45 mara mbili, mapumziko hayazidi 15, kisha refa anafidia muda uliopotea kwa majeruhi, mabadiliko ya wachezaji na kusherehekea mabao. Ikianza saa kumi kamili, kabla ya saa kumi na mbili imekwisha, na mtu ana nafasi ya kutawadha na kuwahi sala ya jamaa. Ikianza saa kumi na moja kasorobo, adhana inaukuta mpira ungali katikati ya kipindi cha pili au ndio unakaribia mwisho, na hapo hata mimi sitamlaumu mtu. Basi kinachotutoa uwanjani mara nyingi ni ule ucheleweshaji wa mwanzo. Na ucheleweshaji huo, kila anayehudhuria fainali za huku anajua chanzo chake: tunamngoja mgeni wa heshima. Timu zimepasha moto zikapoa, wazee wameungua jua, refa anatazama saa, na mgeni bado hajapanda boti. Akifika kuna kusalimia wachezaji, kuna picha, kuna hotuba. Nusu saa yote inayoliwa hapo inalipwa na wale vijana wa benchi, kwa sababu ndio watakaocheza mbele ya viti vitupu.

Kuna jambo jingine dogo ambalo waamuzi watanielewa. Kwa kuwa viwanja vyetu vingi havina ua, wanaoondoka hupita kandokando ya mstari, tena kwa makundi. Mshika kibendera anazibwa macho wakati ule ambao bao moja la kuotea linaweza kuzua vita. Mchezaji anayerusha mpira anaomba njia. Ugomvi mwingi wa dakika za lala salama huanzia hapo.

Kwa waandaaji wa mashindano ya mitaa, ombi langu ni wazi. Saa kumi iwe saa kumi. Mgeni akichelewa, aukute mpira ukichezwa, asalimie wachezaji wakati wa kukabidhi kombe, na hotuba zingoje hapo hapo. Siku za fainali, zungumzeni mapema na manahodha wa boti za Mokowe ili boti ya mwisho ijulikane na itangazwe kwa kipaza sauti wakati wa mapumziko, mtu akae akiwa na uhakika wa kufika kwake. Na kwa timu za kutoka kisiwa cha Pate, ratiba ipangwe kwa kutazama maji. Kila mvuvi wa hapa anajua maji yatajaa saa ngapi wiki ijayo, haihitaji mtaalamu.

Makocha nao nina neno nao. Kijana aliyefanya mazoezi mwezi mzima msimwingize dakika ya 89 ili mtimize hesabu. Mpeni dakika 15 za kutosha kugusa mpira.

Na kwa majirani zangu wa Langoni, Mkomani na Wiyoni, ambao hawana boti ya kuwahi wala safari ya mbali: tukutane uwanja wa Twaif mashindano yakianza tena, na tukae hadi refa apulize mara ya mwisho. Vijana wakitoka, tuwaite kwa majina yao.

Mzazi na mpenda soka,
Langoni, Lamu